Barabara Kumi na Moja za Mlima Ntembwe

Tunayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba Mlima Ntembwe, ulioko Ileje, umekubali kushirikiana na Serikali. Makubaliano hayo yamefikiwa baada ya vikao arobaini na kimoja, barua tatu za onyo na ziara mbili za mafunzo, na chuo tulichokusudia kujenga juu yake kimefunguliwa. Mlima ulitusumbua kidogo, lakini tumeusamehe.

Nasema tumeusamehe kwa sababu mimi, Josephat Lusubilo, ndiye Katibu wa Kamati ya Ulinganifu wa Ardhi na Ramani, na hakuna uamuzi uliowahi kupita bila kupitia kwenye kalamu yangu. Kazi ya Kamati, kwa wale wasioijua, ni kuhakikisha kwamba ardhi ya mahali popote panapojengwa chuo inafanana na ramani iliyopitishwa. Wapo watu wanaodhani ramani ndiyo inayotakiwa kufanana na ardhi. Hayo ni mawazo ya vijiweni. Ramani ina sahihi tano na mihuri miwili. Mlima Ntembwe hauna hata sahihi moja.

Ramani yenyewe ilikuwa Ramani ya Mfano Namba Saba, iliyosanifiwa kwa ajili ya pwani na kupendwa na kila aliyeiona akiwa pwani. Ni jengo moja la mraba, pana kuliko uwanja wa mpira, lenye ua katikati, madirisha makubwa ya nyavu yasiyo na vioo ili upepo upite, na mapangaboi manne kwa kila darasa. Sasa Ntembwe, mwezi wa saba, watu wanalala na makoti. Ukungu unaingia ndani bila kupiga hodi na maji ya kunawa yanauma vidole. Kamati ililiona hilo mapema, ikalijadili siku mbili, na kuagiza kwamba mapangaboi yafungwe kama yalivyo ila yazungushwe polepole.

Ardhi ilitolewa na wananchi. Kipande kikubwa zaidi kilitoka kwa Gwantwa, mjane mwenye sauti ya chini na jembe zito, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kijiji. Aling'oa mibuni yake mia nne kwa mikono yake mwenyewe ili chuo kipate nafasi. Binti yake, Scola, alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuishia Tunduma kukaanga chipsi karibu na mpaka, akiwasalimia madereva wa malori ya Zambia kwa lugha yao, "muli shani, muli shani", kuanzia asubuhi hadi jioni. Chuo kingekuwa cha ujenzi na upimaji, na Scola alitaka kuwa mpimaji tangu yuko darasa la tano. Gwantwa aliniambia siku ya kwanza tu, bila kuzunguka:

"Katibu, mimi kahawa nimeshang'oa. Hairudi ardhini hata nikiibembeleza. Hiki chuo mkikipeleka kwingine, mimi na mwanangu mtakuwa mmetuua."

Nilimhakikishia kwamba Kamati haina kumbukumbu yoyote ya kuua mtu.

Mpima ardhi alikuwa kijana aitwaye Ngusa, Msukuma aliyezaliwa bondeni Momba baada ya wazazi wake kuhamia huko na ng'ombe wao. Alizunguka mlimani wiki mbili na vyombo vyake, akarudi na mchoro. Ulikuwa mchoro msafi, hilo simnyimi. Lakini kuna jambo lililoishtua Kamati. Mlima wote ulizungukwa na mistari ya kahawia, mmoja ndani ya mwingine, jumla kumi na saba, na kila mstari ulikuwa na namba yake. 1900. 1910. 1920. Hivyo hivyo mpaka 2060.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Watson Mbonile, alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Hizi barabara," aliuliza, "mbona hatukuambiwa?"

"Siyo barabara, mzee," Ngusa alisema. "Hizo ni kontua. Zinaonyesha mwinuko. Hapo penye elfu moja mia tisa ni mita elfu moja mia tisa kutoka usawa wa bahari."

"Bahari iko Dar es Salaam, kijana. Hapa ni Ileje."

"Ndiyo, mzee, lakini..."

"Na kama ni mwinuko, kwa nini una mwaka?"

Ngusa alianza kukusanya vyombo vyake. Kamati ililichukua hilo kama ridhaa.

Baada ya hapo mambo yalijieleza yenyewe. Barabara ya kwanza ilijengwa mwaka 1900, enzi za Mjerumani. Kila baada ya miaka kumi ikaongezwa nyingine, na haikurukwa hata ile ya 1940, wakati dunia nzima iko vitani. Ya 1960 ilimtoa Mwenyekiti machozi. Alisema wazee wetu walikuwa na maono. Ya mwisho kukamilika ilikuwa ya 2000. Kuanzia ya 2010 hadi ya 2060 ni barabara sita za mpango wa muda mrefu, kwani hayo yalikuwa ni mwaka 2007, na Kamati iliwapongeza wataalamu waliotangulia kwa kuona mbali. Nikaandika, kwa niaba ya wote, kwamba Mlima Ntembwe una barabara kumi na moja za mviringo na zote zinapitika mwaka mzima. Taarifa ikapelekwa makao makuu. Ngusa alipandishwa cheo na kuhamishiwa Msangano, ambako ardhi ni tambarare na hakuna kitu kitakachomshawishi achore mistari ya namna ile.

Makao makuu walifurahi kupita kiasi. Walijibu kwamba hakuna chuo nchini chenye barabara kumi na moja, na kwamba Naibu Mkurugenzi, Dokta Anastazia, atakuja mwenyewe kuzikagua zote na kukifungua chuo.

Ndipo ilipotubidi twende kuziona. Siku ya kwanza kulikuwa na ukungu, hatukuona kitu. Siku ya pili ukungu ulizidi, na Kamati ikaweka kwenye kumbukumbu kwamba barabara zipo ila zimefunikwa. Siku ya tatu jua lilitoka, na kwa mara ya kwanza nikauona mlima mzima, kuanzia chini hadi kileleni. Niliona maharage. Niliona mahindi, migomba, na mbuzi wawili. Barabara sikuiona hata moja. Nikaitoa nakala ya taarifa mkobani nikaisoma tena, maana "zote zinapitika mwaka mzima" ulikuwa mwandiko wangu.

Mwenyekiti hakutetereka. Aliutazama mlima kwa muda mrefu, akayatazama yale maharage, akaelewa.

"Wamezilima," alisema.

Mkutano wa hadhara uliitishwa alasiri ile ile. Mwenyekiti aliwaeleza wananchi kwa upole kwamba Serikali inafahamu walichokifanya, kwamba kulima juu ya barabara kumi na moja za umma ni kosa, na kwamba wanapewa siku tisini kuzirudisha. Zisiporudi, chuo kinahamia Msangano.

Mzee mmoja alianza kucheka, kisha akaona hakuna mwenzake, akageuza kuwa kikohozi. Gwantwa alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nilijua anawaza ile mibuni.

"Mheshimiwa, samahani. Hizo barabara tulizolima zilikuwa zinapita wapi?"

"Usijifanye hujui, mama. Zimo kwenye ramani."

"Basi mtuonyeshe hiyo ramani, tusije tukazirudisha pasipo penyewe."

Lilikuwa ombi la kiutaratibu, na Kamati haina ugomvi na utaratibu. Mchoro ulitandazwa mezani na kukandamizwa kwa mawe manne. Gwantwa aliinama, akaweka kidole kwenye mstari wa 1930 na kuufuata taratibu, akitaja majina ya watu ambao unapita kwenye mashamba yao.

"Hapa ni kwangu, pale kisimani. Hapa ni kwa Nesta. Hapa... Danford! Mfereji wako na kisima changu, maji yako usawa mmoja, au siyo?"

"Usawa mmoja kabisa," sauti ilijibu kutoka nyuma. "Si ndiyo maana hayaji kwangu!"

Gwantwa alifuata mstari mwingine, kisha mwingine. Aliinua kichwa akamtazama Mwenyekiti, akanitazama na mimi, akarudi kwa Mwenyekiti. Kisha akajifunga kanga vizuri.

"Tutazirudisha, mheshimiwa," alisema. "Siku tisini zinatosha."

Hapa inanipasa nieleze jambo moja kuhusu watu wa Ntembwe. Enzi za Mwingereza babu zao walilazimishwa kuchimba matuta ya kukinga mmomonyoko, wakagoma, wakachapwa, wakagoma tena. Tangu wakati huo neno tuta halitajwi mbele ya wakwe. Bwana shamba wa kata alikuwa amewaomba matuta kwa miaka kumi na miwili na kuambulia ndizi. Lakini hakuna babu yao aliyewahi kugomea barabara.

Walifanya kwa msalagambo, kazi ya kijiji kizima, Jumanne na Jumamosi, kila kaya jembe moja. Bwana shamba alikuja na chombo chake: miti miwili iliyofungwa pamoja nchani, wa tatu ukiwa katikati kuizuia isitanuke, na kamba yenye jiwe inayoning'inia. Jiwe likitulia katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja, unapigilia kigingi, unasogea. Gwantwa ndiye aliyekishika. Scola alifunga kibanda chake Tunduma akaja na buti za mvua, akawa anamfuata mama yake nyuma na vigingi. Bwana shamba, alipoona tuta la kwanza limezunguka mlima mzima, alikwenda nyuma ya mgomba kulia. Aliporudi alijirekebisha na kuiita barabara, kama kila mtu.

Siku ya themanini na sita zilikuwa zimerudi zote kumi na moja. Nilizihesabu mwenyewe, nikahema kwa nafuu. Zilikuwa pana, zimenyooka kwa usawa, na kingo zimepandwa majani. Mwenyekiti alizitazama akasema, "Unaona, Katibu? Mwananchi ukimbana anarudisha."

Likabaki jengo. Maelekezo yalikuwa kwamba Ramani Namba Saba isiguswe. Gwantwa alinikaribisha nyumbani kwake, akanipa viazi na chai ya maziwa, akaniuliza kwa adabu:

"Katibu, hilo jengo la mraba, kuna mahali wamekataza kulikata vipande?"

Nilipitia kanuni. Hakuna mahali.

"Na kulipinda?"

Hakuna.

"Na kuligeuza liangalie kule jua linakotokea?"

Kanuni ilikuwa kimya kabisa kuhusu jua.

"Ahsante, baba. Ongeza kiazi."

Kwa hiyo naweza kuthibitisha kwamba Ramani Namba Saba imetekelezwa kikamilifu, isipokuwa tu kwamba imekatwa vipande tisa, ikapindwa kufuata mlima, ikapandishwa kipande kimoja kimoja kwenye barabara tofauti, ikageuzwa upande, ikapunguzwa madirisha na kuwekewa vioo, na ule ua wa katikati ukaachwa. Kila darasa ni refu na jembamba. Mgongo wake umechimbiwa kilimani, kama nyumba za wazee wa pale zilivyochimbiwa, ili ule upepo wa baridi unaoshuka kileleni upite juu ya paa bila kuingia. Uso unatazama jua la asubuhi. Maji ya bati la juu yanaingia kwenye tangi la darasa la chini yake. Mapangaboi yalifika thelathini na sita, wananchi wakayapokea kwa heshima, na jikoni yanatumika kuanikia mahindi.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikuwa pale. Miaka yote maji ya Ntembwe yalikuwa yakishuka kwa fujo na kuchukua maharage ya watu hadi mtoni. Safari hii yalifika kwenye barabara ya 2000, yakapunguza mwendo, yakatembea kidogo, yakazama. Nakiri kwamba nilifurahi, ingawa furaha haikuwemo kwenye hadidu za rejea.

Dokta Anastazia aliahirisha ziara mara mbili, akafika Juni 2009. Ratiba niliiandaa mimi. Kipengele cha tatu kilisema: "Msafara kupita barabara zote, kuanzia ya zamani hadi ya kisasa, na kuwasili jukwaani barabara ya 1950." Yalikuja mashangingi matatu. Mimi na Mwenyekiti tulipanda lile la Mgeni Rasmi. Tukaingia barabara ya 1900, na pale mwanzoni kwaya ya akina mama ikatuimbia wimbo wa kukaribisha, mzuri sana, beti sita.

Baada ya dakika ishirini tulitokea tena kwa akina mama. Walishangaa, lakini wakaimba upya beti zote sita. Mara ya tatu waliimba ubeti mmoja. Mara ya nne walikuwa wameshakaa chini, na mmoja akatupungia mkono kwa huruma.

"Bwana Mbonile," Dokta Anastazia aliuliza, "hii barabara inakwenda wapi?"

"Inaendelea, Mheshimiwa."

"Hilo naliona. Ile ya juu yake tunaipatia wapi?"

Mwenyekiti aliufungua mchoro wa Ngusa, akautazama kwa makini kwa mara ya kwanza tangu tuupitishe. Jasho lilimtoka, na nje kulikuwa na baridi ya kufa mtu.

"Hazijakutana bado, Mheshimiwa," alisema.

Dokta Anastazia aliuchukua mchoro, akautazama, akamwambia dereva asimame. Alishuka, akapanda kwa ngazi za mawe ambazo wananchi walizijenga kukatiza kutoka darasa hadi darasa, akaingia darasa la barabara ya 1950, sisi na wananchi nyuma yake. Aliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na joto la jua la asubuhi. Alisikiliza, na upepo haukusikika. Kisha alikaa kwenye dawati la mbele na kuanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani.

"Bwana Mbonile, hizi ni kontua."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema Ngusa. Lakini Dokta Anastazia hakuna aliyemuuliza kwa nini zina mwaka, kwa sababu alikuwa na cheo.

"Nani amesanifu hiki chuo?" aliuliza.

"Kamati, Mheshimiwa," Mwenyekiti alisema haraka.

"Mama, na wewe unasemaje?" alimgeukia Gwantwa, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Sisi tuliambiwa turudishe barabara, mama. Tukazirudisha. Zilivyorudi tukaona zina nafasi ya kujengea."

Watu walicheka. Walimcheka Mwenyekiti, hadharani, nami nimeketi karibu yake. Ndipo alipofanya kile anachofanya kiongozi aliyekomaa. Alitoa kanuni mfukoni.

"Kwa masikitiko makubwa," alisema, "Kanuni ya Kumi na Nne hairuhusu chuo kufunguliwa kikiwa na wanafunzi pungufu ya arobaini. Walioandikishwa hapa ni thelathini na watatu. Napendekeza chuo kihamie Msangano leo hii, na majengo haya wapewe wananchi kama maghala."

Kicheko kilikatika. Kanuni ilikuwa ya kweli, niliichapa mimi. Dokta Anastazia aliisoma mara mbili, akakunja uso, akasema taratibu kwamba sheria ni sheria na kalamu yake imefungwa. Nje, thelathini na watatu walikuwa wamejipanga na masweta mapya, Scola akiwa wa pili kutoka mbele, na habari ilishawafikia. Gwantwa alishika mwimo wa mlango. Nilimwonea uchungu, na nitasema wazi kwamba siku hiyo niliichukia kazi yangu.

Kisha Gwantwa akatutazama, sisi Kamati, tulivyopangwa safu ya mbele na tai zetu. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Mheshimiwa mama," alisema, "hiyo kanuni inasema mwanafunzi awe na umri gani?"

Dokta Anastazia alinigeukia. "Katibu?"

Niliifungua. "Haisemi, Mheshimiwa."

"Inasema awe nani?"

Nilishusha kidole mstari mmoja. "Inasema... 'mtu yeyote mwenye uhitaji wa dhahiri wa mafunzo ya ujenzi au upimaji.'"

"Na ninyi hapo mbele, baba zangu," Gwantwa aliuliza kwa heshima zote, "mko wangapi?"

Mwenyekiti alinikanyaga mguu. Lakini idadi ya wajumbe huulizwa Katibu, na Katibu hujibu.

"Saba," nilisema.

Dokta Anastazia aliandika majina yetu palepale, kwa mkono wake, kuanzia thelathini na nne hadi arobaini. Akakata utepe. Vigelegele vilisikika hadi Malawi.

Kwa hiyo ninaandika taarifa hii nikiwa darasani, barabara ya 1950, dawati la tatu. Ngusa alirudishwa kutoka Msangano na ndiye mkufunzi wetu wa usomaji wa ramani. Ni kijana mvumilivu. Mafunzo kwa vitendo ni Alhamisi, na tunaletewa majembe. Matokeo ya muhula wa kwanza yamebandikwa jana. Scola ameongoza. Kamati imeshika nafasi ya thelathini na nne hadi ya arobaini, na Mwenyekiti, aliyeshika hiyo ya arobaini, amekata rufaa kwa barua ya kurasa nne.

Rufaa zote husikilizwa na mwenyekiti wa bodi ya chuo, na wananchi wamemchagua Gwantwa kushika nafasi hiyo. Mheshimiwa Mbonile alinituma kwake leo asubuhi nikaulize imefikia wapi. Nilimkuta amekaa mezani, mbele yake kuna faili moja, jembe lake ameliegemeza ukutani. Alinikaribisha kiti. Alisema barua imepokelewa na inafanyiwa kazi.

Nikamuuliza, lini?

Alinitazama kwa upole, akafunga faili, akaniambia nije kesho.